Giaboksi Ishuke Mara Moja: Vidokezo 17 vya Kubadili Klachi ya Kirikuu Nyumbani

Kirikuu ikianza kunguruma bila kusogea, mwenye gari hupiga hesabu tatu kwa mpigo: mzigo wa kesho ataubeba nani, fundi atataka shilingi ngapi, na spea itanunuliwa na nani. Kuipeleka gereji si vibaya. Ila kama una spana, una uwanja, na una ndugu wa kukusaidia kunyanyua, Suzuki Carry ni miongoni mwa magari yanayokubali kufanyiwa kazi hii nyumbani. Injini iko chini ya viti, giaboksi inafuata nyuma yake, na propela inakwenda moja kwa moja kwenye difu. Huna haja ya kung'oa shafti za magurudumu ya mbele kama kwenye Vitz, na klachi zake nyingi huvutwa kwa waya, kwa hiyo hakuna kuhangaika kutoa hewa kwenye bomba.

Kubadili pleti yenyewe ni suala la bolti chache, kwa kawaida sita. Kinachokula siku ni kushusha giaboksi na kuirudisha. Ndiyo maana vidokezo hivi vyote vina shabaha moja: giaboksi ishuke mara moja tu, na ikirudi juu isishushwe tena mwezi ujao kwa ajili ya kitu ambacho ungekiona ilipokuwa chini.

1. Thibitisha kwanza kwamba klachi imeisha

Simama mahali tambarare penye nafasi mbele yako, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka huku gari limetulia, pleti inateleza. Jaribu mara moja tu, maana kila jaribio linazidi kuichoma.

Dalili nyingine utakuwa umeziona barabarani: mlimani injini inapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani.

Sikiliza na kelele. Kelele inayotokea ukikanyaga klachi ni ya rilizi beringi. Kelele inayosikika gari likiwa fri na kutoweka ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya ndani ya giaboksi, na hiyo klachi mpya haitaiponya. Bora ujue mapema kuliko kuisikia tena baada ya kumaliza kazi.

2. Jaribu nati ya waya kabla ya kufungua pochi

Bonyeza pedeli ya klachi kwa kidole. Inatakiwa iwe na uhuru kidogo, takriban sentimita mbili, kabla hujahisi ukinzani. Ikiwa haina uhuru hata kidogo, rilizi beringi inaikandamiza springi ya presha pleti muda wote, na pleti itateleza hata kama bado ni nene. Uhuru ukizidi, pleti haiachii vizuri na gia zitakwaruza, hasa ya rivasi.

Tafuta mahali waya unapoishia, kwenye mkono wa klachi ubavuni mwa giaboksi. Pana nati ya kurekebisha. Izungushe, pima tena, kaendeshe. Uangalie na waya wenyewe: nyuzi zikianza kuchanika au ukiwa mzito kuteleza ndani ya ala yake, badilisha waya kwanza. Klachi nyingi hushtakiwa kwa kosa la waya.

3. Dukani usiseme "klachi ya Kirikuu" ukaishia hapo

Kirikuu si gari moja. Kuna DD51T, kuna DB52T, kuna DA63T, na nyingine kadha wa kadha. Injini nazo hutofautiana, kama F6A na K6A. Soma kibati cha chesisi, kipige picha, nenda nacho dukani. Muuzaji mzuri wa Gerezani atakuuliza hayo kabla hujamaliza salamu. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Hata namba ya modeli ikilingana, kubaliana naye kwamba utairudisha isipooana. Siku pleti ya zamani itakapotoka, ziweke mbili kifua kwa kifua: kipenyo kilingane, idadi ya meno ya tundu la katikati ilingane, na kimo cha kitovu kilingane. Hesabu meno kwa ncha ya msumari, macho hudanganya.

Pleti ya mtumba usiiguse. Huwezi kujua imebeba mizigo ya nani.

4. Nunua na vile vidogo

Seti kamili ina vitu vitatu: klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Usishawishike kubadili pleti peke yake kwa sababu "presha bado nzuri". Zimezeeka pamoja.

Ongeza oili sili ya nyuma ya krenkshafti, oili sili ya mbele ya giaboksi, beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili kama injini yako inayo, na oili ya gia. Bei ya vyote hivi ni ndogo ukilinganisha na siku nzima ya kushusha giaboksi upya kwa sababu ya sili iliyoanza kuvuja wiki mbili baadaye.

5. Tafuta sakafu ngumu na wikiendi isiyo na mzigo

Mchanga na jeki havipatani. Jeki huzama upande mmoja, gari hulala. Kama uwanja wako ni wa mchanga, omba sehemu yenye zege kwa jirani. Ukikosa kabisa, tandika mbao ngumu, nene na pana chini ya jeki na chini ya kila stendi, kisha uzijaribu kabla hujaingia chini.

Anza Jumamosi asubuhi. Kwa asiyeizoea kazi hii, siku mbili ni makadirio ya haki. Ukimaliza Jumamosi jioni, mshukuru Mungu. Usipomaliza, huna mteja anayekupigia simu kila dakika kumi. Watoto wapewe mipaka yao mapema: kuku akipita chini ya gari hakuna neno, mtoto hapana.

6. Jeki hunyanyua, stendi hushikilia

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa "sekunde moja tu". Wala usitumie matofali ya saruji. Tofali hubeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, na halitoi onyo. Nunua, azima au kodi stendi za chuma.

Hapa pana mtego ambao wengi hawaufikirii. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Ukiyanyanyua, haishiki kitu. Na ukishatoa propela, kuliacha gari kwenye gia hakusaidii tena, kwa sababu giaboksi haina mawasiliano na magurudumu. Kilichobaki kulizuia gari ni vigingi vya magurudumu ya mbele. Viweke mbele na nyuma ya kila gurudumu, vikae sawasawa.

Pima na kimo. Giaboksi itatoka kwa kuburutwa chini ya gari, kwa hiyo nafasi kati ya sakafu na chesisi lazima iwe kubwa kuliko giaboksi yenyewe. Ni aibu kuishusha salama halafu ikakwama chini ya gari.

7. Betri kwanza

Kabla hujagusa stata, toa terminali hasi ya betri. Waya mnene wa stata una umeme muda wote, hata switchi ikiwa imezimwa, na spana ikigusa waya huo na chesisi kwa pamoja utaona cheche usizozisahau.

Vifaa vyenyewe si vingi: spana na boksi spana namba 10, 12, 14 na 17, racheti yenye fimbo ndefu na kiungo kinachopinda, koleo, nyundo, bisibisi bapa, jeki mbili, beseni la kumwagia oili, miwani ya kukinga macho na taa ya kuvaa kichwani. Taa ya simu inatosha mpaka unapohitaji mkono wa tatu.

8. Kila bolti na nyumba yake

Bolti za giaboksi hazilingani urefu. Ukichanganya, fupi itashika nyuzi mbili tu na ndefu itagonga ukuta kabla haijakaza. Chukua kipande cha boksi gumu, chora umbo la giaboksi jinsi unavyoiona kwa nyuma, toboa matundu mahali pa kila bolti, na uchomeke kila inayotoka mahali pake. Piga picha za waya, klipu na viungo vya gia kabla ya kuvigusa, kwa karibu na kwa mbali. Picha ya karibu peke yake haikuambii ulikuwa unatazama upande gani.

9. Fungua tundu la kujazia kabla ya tundu la kumwagia

Giaboksi ina nati mbili za oili: ya kujazia ubavuni na ya kumwagia chini. Anza na ya kujazia. Ikigoma kufunguka, bado una oili ndani na gari lako linatembea, kwa hiyo una muda wa kutafuta dawa. Ukianza kumwaga kisha ya kujazia ikakataa, gari limekwama hapo lilipo.

Oili ikishatoka, ihifadhi kwenye galoni lenye mfuniko uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Usiimwage mtaroni wala shimoni. Itarudi kwenye kisima cha mtu.

10. Weka alama propela kabla ya kuifungua

Propela imesawazishwa kwa mzunguko wake. Ukiirudisha imegeuka, inaweza kuleta mtetemo ambao utaanza kuutafuta kwenye matairi. Chora mstari wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye propela hadi kwenye difu, kisha fungua bolti zake nne, ishushe upande huo na uichomoe kutoka kwenye giaboksi.

Oili iliyobaki itadondoka mahali ilipochomoka. Funika tundu hilo kwa mfuko wa plastiki na raba. Kabla ya kuiweka propela kando, ishike kwa mikono miwili ujaribu kuitikisa kwenye krosi. Ikicheza, badilisha krosi sasa hivi. Kama gari lako ni la fowili, ipo na propela ya mbele. Iwekee alama yake.

11. Ishikilie injini, kisha toa vya pembeni

Giaboksi ikitoka, nyuma ya injini hubaki haina wa kuibeba. Weka jeki chini ya sampu ya oili, katikati yake mbao pana ili bati la sampu lisibonyee. Nyanyua kidogo tu, mpaka mzigo uguse jeki.

Toa sasa waya wa klachi, viungo vya gia, waya wa spidomita, plagi ya taa ya rivasi, na stata. Jeki ya pili iwe chini ya giaboksi ndipo ufungue chuma cha chesisi kinachoishikilia kwa nyuma. Bolti za kuizunguka hausingi ziwe za mwisho, na zile za juu ndizo zitakazokutoa jasho: hapo ndipo fimbo ndefu na kiungo kinachopinda vinapolipa gharama yake. Iache bolti moja ya kila upande mpaka msaidizi awe tayari.

12. Giaboksi haining'inizwi

Inatoka kwa kwenda nyuma kwa mstari mnyoofu, kisha chini. Mpaka shafti yake iwe imetoka kabisa kwenye pleti, uzito wote ubebwe na jeki na mikono. Ukiiacha ining'inie kwenye shafti, unaweza kupinda kitovu cha pleti. Sasa ni ya zamani, haina hasara. Kwenye kuirudisha itakuwa mpya.

Ikigoma kuachana na injini, usiipige na nyundo. Zunguka tena na taa. Karibu kila mara kuna bolti moja imesahaulika, na mara nyingi ni ile iliyojificha nyuma ya stata.

13. Vumbi jeusi lisipulizwe

Ndani ya hausingi kuna unga mweusi wa pleti iliyosagika. Usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Japani ilipiga marufuku asbesto kwenye klachi na breki mwaka 2004, na Kirikuu nyingi barabarani kwetu zilitengenezwa kabla ya hapo. Pleti iliyowekwa baadaye, hujui ilitoka kiwanda gani. Vaa barakoa, lowesha unga huo kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, kisha tambara liingie kwenye mfuko na mfuko uende kwenye taka.

14. Isome pleti ya zamani kabla hujaitupa

Legeza bolti za presha pleti kidogo kidogo, nusu mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara. Ndani yake kuna springi iliyobanwa. Ukifungua upande mmoja wote, presha pleti inapinda. Mkono mmoja uwe tayari kudaka pleti, maana itadondoka.

Sasa keti nayo juani uiangalie. Pleti iliyoisha kwa uzee imelika sawasawa pande zote mbili mpaka ribiti zimekaribia kuwa sawa na uso. Hiyo imekutumikia, iage kwa heshima. Pleti inayong'aa kama kigae na kunuka kuungua imeteleza sana: ama waya haukuwa na uhuru, ama dereva anashikilia gari mlimani kwa klachi, ama mzigo umezidi. Pleti yenye unyevu wa oili inakuambia sili imevuja, na usipoitafuta sili hiyo leo, pleti mpya itaishia hivyo hivyo. Springi zake za katikati zikicheza au moja ikiwa imevunjika, dereva anaachia klachi kwa kishindo.

Jingine ni la hesabu. Kwao Japani, kigari cha daraja hili kina injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 na kinaruhusiwa kubeba kilo 350. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko saba, basi. Kama yako inabeba kumi na tano na kupanda nayo mlima, pleti imekuwa ikikulalamikia kwa muda mrefu.

15. Kagua vyote visivyofikika siku nyingine

Pitisha ukucha juu ya flaiwili. Madoa ya buluu ni dalili ya joto kali. Mifereji inayokamata ukucha au nyufa zinazoonekana zinamaanisha flaiwili itoke iende kwa fundi wa kukereza, na yeye ndiye atakayekuambia kama inakerezeka au inabadilishwa. Ukiifungua, iwekee alama, na bolti zake zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Zinahitaji nguvu kubwa zaidi kuliko za presha pleti.

Chini ya flaiwili kukiwa na oili, badilisha sili ya krenkshafti. Hata kukiwa kukavu, gari likiwa limezeeka, badilisha tu. Fanya hivyo na ya mbele ya giaboksi.

Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili huwasumbua wengi kwa sababu haina pa kushika. Chukua mkate, ulowanishe, ushindilie ndani ya tundu la beringi mpaka ujae. Tafuta kipande cha nondo kinachoingia kwenye tundu hilo kwa kubana, kiweke juu ya mkate, gonga kwa nyundo. Ongeza mkate, gonga tena. Mkate ukikosa pa kwenda unaisukuma beringi kwa nyuma, nayo inatoka taratibu. Safisha makombo yote kabla ya kuingiza mpya.

16. Pleti ina mbele, nyuma na katikati

Presha pleti mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yafute yote kwa thina na tambara safi, na flaiwili nayo vivyo hivyo, mbali na jiko la mkaa na mbali na mwenye sigara. Baada ya hapo, nyuso hizo zisishikwe kwa mikono yenye grisi.

Pleti nyingi zimeandikwa upande unaoelekea flaiwili. Kama hazina maandishi, upande ambao kitovu na springi vimetokeza zaidi ndio unaoelekea giaboksi. Ipachike kwa mkono kwenye flaiwili bila presha pleti: ikikaa bapa, sawa, ikigusa bolti za flaiwili, igeuze.

Kisha ikae katikati kabisa. Seti nyingi huja na kijiti cha plastiki cha kusawazishia. Usipokipata, zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kipande cha mti mpaka kilingane na tundu la pleti, na ncha yake ilingane na beringi ndogo. Kaza bolti kwa kuvukavuka kama ulivyozifungua. Bolti za milimita 8 kwa kawaida zinataka kati ya Nm 20 na 25. Kama huna spana ya kipimo, hiyo ni sawa na kuvuta ncha ya spana ya sentimita 25 kwa nguvu ya kunyanyua kilo tisa hivi. Haihitaji kuning'inia.

Grisi ya joto kali iwe kidogo sana: meno ya shafti, mahali mkono wa klachi unapoegemea, na mahali rilizi beringi inapoteleza. Ifute ile inayozidi, kwa sababu ikizunguka itarukia pleti. Rilizi beringi yenyewe usiioshe kwa petroli. Grisi yake imefungiwa ndani.

17. Bolti hazivuti giaboksi, zinaishikilia tu

Ukiwa bado juu ya sakafu, weka giaboksi kwenye gia. Inyanyue kwa jeki, ilingane na injini kwa juu, chini na pembeni, kisha msaidizi azungushe shafti ya nyuma taratibu mpaka meno yapatane na pleti. Itateleza yenyewe mpaka uso uguse uso. Ikibaki na mwanya wa kidole, acha. Usijaribu kuubana mwanya huo kwa bolti. Masikio ya hausingi ni aluminiamu na yatavunjika. Irudishe nyuma, uhakikishe pleti iko katikati, ujaribu tena.

Bolti zikishakaa, rudisha vyote kwa kufuata picha na boksi lako. Jaza oili ya gia iliyotajwa kwenye kitabu, mara nyingi 75W-90 ya daraja la GL-4, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa. Rekebisha uhuru wa pedeli. Betri irudi mwisho.

Kabla ya kushusha gari, pita chini na taa ukigusa kila bolti kwa spana. Likishuka, hakikisha gia iko fri, washa, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, weka rivasi. Gia hiyo mara nyingi haina kifaa cha kulinganisha mwendo kinachosaidia nyingine kuingia, kwa hiyo ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikikwaruza, rudi kwenye nati ya waya kwanza.

Kilomita 500 za mwanzo nenda nayo kwa adabu: mizigo ya kawaida, hakuna kuondoka kwa kishindo, na ukisimama kwenye mwinuko, hendibreki ndiyo ishikilie gari. Mguu usipumzike kwenye pedeli. Kama gari lina dereva, naye aambiwe hayo siku ya kwanza, pamoja na ile hesabu ya mifuko saba. Baada ya hapo pima tena uhuru wa pedeli, urekebishe kama umebadilika, na uitazame sakafu mahali gari linapolala usiku. Ikiwa kavu, kazi imekwisha, pakia mzigo.